Deni Lisiloandikwa: Biashara na Dhima yake katika Njiapanda ya Kasomeno

Kasomeno si mji mkubwa, wala jina lake halitajwi mara nyingi katika magazeti ya Dar es Salaam, Mombasa au hata Kinshasa. Lakini msafiri atokaye Lubumbashi kuelekea kaskazini mashariki hawezi kuukwepa, maana hapo ndipo njia inapogawanyika, tawi moja likishuka mashariki hadi Kasenga kwenye mto Luapula, na jingine likiendelea kaskazini kwa Pweto, Moba na Kalemie hata kufika Uvira, penye ncha ya ziwa Tanganyika. Karibu kila kitu ambacho upande huo wa Katanga umepata kukiuza, samaki, mahindi, magogo na makala, kama Wakatanga waitavyo mkaa, kimepita hapo juu ya vichwa vya watu, juu ya baiskeli au juu ya malori. Sasa pana habari kubwa zaidi. Kongo na Zambia zilikubaliana mwaka 2015 kwamba ijengwe barabara ya kulipia ushuru kutoka Kasomeno hadi Mwenda katika nchi ya Zambia, takriban kilomita 180, yenye daraja juu ya Luapula, na kazi hiyo imekabidhiwa kampuni ya GED Africa, yenye asili ya Hungaria, ambayo itarudisha fedha zake kwa kutoza magari. Makusudi ni kuyafupishia malori ya shaba na kobalti safari ya bandari ya Dar es Salaam, yasiendelee kulala siku nyingi katika foleni ya mpakani Kasumbalesa.

Njia njema ni neema, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayelilia vumbi la zamani. Mkulima wa Kasenga ambaye mavuno yake huharibika kwa kukosa gari, na mama mwenye mgonjwa apaswaye kufika Lubumbashi kabla ya usiku, wana haki ya kuifurahia lami kuliko sisi tunaoketi na kuandika. Hata hivyo, kabla malori hayajaanza kupita kwa mamia, yafaa tuulize ni biashara ya namna gani itakayopita, kwa kuwa nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya bidhaa zilizowatajirisha watu wa mbali na kuacha nyuma yake deni ambalo halikuandikwa na mtu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wetu, mkubwa kwa mdogo, hulitunza daftari lake kwa uangalifu: huandika bei ya kununulia, nauli, mshahara wa vibarua, ushuru wa njiani na hasara ya magunia yaliyolowa, lakini mti uliokatwa, maji yaliyochafuliwa na mtu aliyeumia hawamo, na maadamu hawamo, faida aionayo mwisho wa mwezi si yake yote, bali sehemu yake ni mali ya wengine. Rai yangu ni kwamba dhima ya mfanyabiashara kwa nchi na kwa jirani haipaswi kuwa sadaka itokayo katika masalio ya faida siku moyo ukipenda. Ni gharama ya biashara, ipasayo kuandikwa mwanzoni, kabla faida haijahesabiwa, kwa maandishi awezayo kuyasoma yule mwenye kudai.

Tuanze na samaki, kwa kuwa kisa chake kilikwisha zamani na matokeo yake yanajulikana. Wakati wa utawala wa Kibelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walifanya makao Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru na kuwapeleka Elisabethville, jina la Lubumbashi katika siku hizo, ili wafanyakazi wa migodini wapate kitoweo. Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa mpumbu, ambaye wataalamu humwita Labeo altivelis, naye alikuwa na desturi ya kupanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili akatage mayai. Nyavu zilitegwa hapo hapo, katika msimu ule ule, na samaki akavuliwa tumbo likiwa limejaa kizazi kijacho. Wavuvi wenyeji walipata fedha, wenye malori walipata zaidi, na mgodi ulipata chakula rahisi. Hata ilipofika karibu na mwaka 1950 makundi ya mpumbu yalikuwa yamevunjika, na wingi wake wa zamani haukurudi tena. Wavuvi wakahamia kwa samaki wengine, na baadaye hata kwa chisense, kidagaa kidogo cha ziwani. Hapana daftari la mwaka ule lililoonyesha hasara hiyo, maana kila mmoja alikuwa amehesabu alichotoa majini, wala hapakuwa na aliyehesabu kilichobaki.

Shaba ina kisa kirefu zaidi, na kigumu zaidi kukihukumu, kwa sababu ndani yake pana hisani ya kweli. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuru yake ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kampuni hiyo ilijenga nyumba, shule na hospitali, ikagawa posho, ikawaita wafanyakazi waje na wake zao na watoto wao; wazee wengi wa Lubumbashi huzikumbuka siku hizo kwa huzuni ya mtu aliyepotewa na mlezi. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi hao hao walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, walipigwa risasi na askari papo hapo Elisabethville, na wengi wakafa. Ndipo ilipobainika kwamba kampuni ilikuwa radhi kutoa mengi, ila haikuwa radhi kudaiwa. Mwaka 1967 mali yake ilitaifishwa, ikazaliwa Gécamines, nayo ikaendelea na ulezi ule ule kwa miaka mingi. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na mapato yakazama, shule na hospitali nazo zikazama, mishahara ikakawia kwa miezi mingi, hata mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia.

Baba alipofilisika, watoto hawakuwa na hati ya kudai chochote. Lililosalia bila kufilisika ni sumu: udongo wa mtaa wa Penga Penga, ulio upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru, ungali na shaba, risasi na madini mengine mazito. Utafiti wa wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven huko Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la The Lancet Planetary Health, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi za madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Hospitali iliyojengwa kwa hisani imeweza kufungwa kwa uamuzi wa ofisi moja, lakini udongo hauwezi kufungwa. Kwa hiyo fedha ya kuusafisha ilipaswa kuwekwa akiba tangu siku ya kwanza ya moto, mahali ambapo mkono wa kampuni usingeweza kuifikia.

Kaskazini ya Kasomeno, ukingoni mwa ziwa Mweru, uko mji wa Kilwa, ambao msomaji wa pwani asiuchanganye na Kilwa Kisiwani. Karibu nao, huko Dikulushi, kampuni ya Anvil Mining, ya Australia na Kanada, ilianza kuchimba shaba na fedha mwaka 2002. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini, jeshi la serikali likaja kuutwaa tena, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakakuta kwamba watu zaidi ya 70 walikuwa wamekufa, baadhi yao wakiuawa bila hukumu. Askari walitumia magari na ndege ya kampuni. Kampuni ilijitetea kwamba vyombo hivyo vilichukuliwa kwa amri ya serikali na haikuwa na uwezo wa kukataa, na mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi, mwaka 2007, iliwaachilia wafanyakazi wake walioshtakiwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliitia hatiani serikali ya Kongo na kuitaka iwalipe walalamikaji dola milioni 2.5. Mimi si kadhi wa shauri hilo. Lakini mfanyabiashara yeyote anayefungua mgodi, ghala au kituo cha malori mahali penye bunduki amekwisha kujua, tangu siku ya kwanza, kwamba huenda siku moja akaombwa gari. Na asiyeweka masharti yake kwa maandishi wakati wa amani, pamoja na maofisa na pamoja na wanakijiji, atayakosa maneno wakati wa vita. Tahadhari hiyo nayo ni gharama ya biashara, sawa na bima ya moto.

Baada ya samaki na shaba ukaja mti. Mukula, ambao wataalamu huuita Pterocarpus tinctorius, ni mti wa miombo wenye utomvu mwekundu kama damu, nao huchukua miongo mingi kukomaa. Katikati ya miaka ya 2010 wanunuzi wa China waliutaka kwa samani, na katika wilaya ya Kasenga, Kasomeno ikiwamo, misumeno haikunyamaza. Sheria ya misitu ya Kongo iliwawekea wenyeji peke yao vibali vya wavunaji wadogo, lakini nyuma ya jina la mwenyeji aghalabu alisimama tajiri wa kigeni mwenye fedha na malori. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori ya magogo hayo yaliyokuwa yakipita katika nchi yake, na mwaka 2019 mukula ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, usiuzwe nje bila kibali cha kuthibitisha kwamba uvunaji hauuangamizi. Ulinzi huo ulifika miti mikubwa ya karibu na barabara ikiwa imekwisha kwenda. Mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo, akaukata na kuuburuta hadi njiani, alipata kitu kidogo tu katika bei iliyolipwa ng'ambo, na mjukuu wake hatapata hata hicho. Mpumbu na mukula vimetengana kwa miaka zaidi ya 60. Moja ni la majini na jingine la msituni, wanunuzi wa kwanza walitoka Ulaya na wa pili Asia. Lakini hesabu iliyofanywa ilikuwa ile ile, na kosa lile lile.

Hapa nawasikia wenye hoja ya kupinga, nao si watu wa kupuuzwa. Husema kwamba uangalizi wa mazingira ni anasa ya nchi zilizoshiba. Kwamba Ulaya iliikata misitu yake kwanza, ikatajirika, ndipo ikaanza kuwahubiria wengine. Na kwamba mfanyabiashara wa Lubumbashi akijitwisha gharama hizo peke yake, mwenzake asiyejitwisha atamshinda sokoni kabla ya mwaka kwisha. Sehemu ya hoja hii ni kweli tupu, hususa ile ya mwisho, na ndiyo sababu siamini katika hiari peke yake: gharama isiyowapata wote humwadhibu mwadilifu. Lakini sehemu ya kwanza haisimami. Anayekunywa maji ya mto uliotiwa asidi si mtu wa nchi iliyoshiba. Februari 2025 bwawa la takataka za mgodi wa Sino-Metals lilipasuka Chambishi, katika Zambia, na maji ya asidi yakashuka hadi mto Kafue. Novemba mwaka huo huo maji machafu ya kiwanda cha CDM yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni hiyo. Walioingiwa na maji hayo visimani na mashambani ni maskini, na walilipa siku hiyo hiyo, bila kupewa muda wa kutajirika kwanza.

Tena, ipo mifano ya kuonyesha kwamba gharama iliyoandikwa mapema huweza kugeuka mtaji. Mwaka 1971 kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ilimpa René Haller, aliyekuwa msimamizi wa bustani zake, kazi ya kuyafufua machimbo ya mawe ya matumbawe ambamo hapakuwa na udongo, na jua lilichoma kama tanuru. Alijaribu miti ya aina 26, ikaishi michache sana, na mvinje ukawa bora kuliko yote. Lakini majani yake yalianguka na kulala bila kuoza, hata walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu, ambao waliyatafuna na kuyageuza kuwa udongo. Mwaka hata mwaka ule udongo uliongezeka, miti mingine ikaota, ndege na wanyama wakaja, na machimbo yale leo ni bustani mashuhuri yenye jina la Haller, ambayo watoto wa shule na watalii hulipa kuingia. Lenye kustahili kuzingatiwa ni kwamba kazi hiyo ilifanyika huku kiwanda kikiendelea kuchimba na kupata faida, wala haikungoja mwisho wa mawe.

Kongo yenyewe ina mfano wake. Katika uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, shamba la Mampu lenye hekta zipatazo 8,000 za miti ya akasia liligawiwa familia, kila moja hekta 25. Mkulima hupanda mihogo na mahindi kati ya miche. Miti ikikua huikata na kuchoma makala. Na mbegu zilizolala ardhini huamshwa na moto, zikaota upya. Hapa muuza makala huuza alichopanda. Lubumbashi nayo, ambako umeme hukatika mara kwa mara na majiko mengi hutegemea makala, haina sababu ya kutofuata njia hiyo, kwani visiki vya miombo huchipua vyenyewe vikiachwa bila kuchomwa moto wa mwisho wa kiangazi na bila kung'olewa kwa jembe. Tanuru ya udongo ya kienyeji, katika kilo 100 za kuni kavu, aghalabu haitoi makala yapitayo kilo 20. Fundi aipangaye vizuri na kuilinda na upepo hupata zaidi kwa miti ile ile. Nasema haya ili isidhaniwe kwamba dhima ni ya makampuni ya kigeni tu. Mwenye lori anayejaza magunia 200 hapo Kasomeno bila kuuliza yametoka msitu gani, na mimi ninunuaye gunia moja sokoni bila kuuliza pia, tumo katika deni hilo hilo, kila mtu kwa kadiri yake.

Sheria haikosekani. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 imeagiza kwamba mrabaha wa madini ugawanywe, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni itoe asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa miradi ya wanavijiji, na itie saini nao mkataba wa ahadi zake. Angalieni ubora wa fungu hilo la 0.3: hutolewa katika mauzo, wala halingoji faida, kwa hiyo kampuni haiwezi kusema kwamba mwaka huu haikupata kitu. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea. Upungufu wake ni wa namna mbili. Kwanza, humshika mwenye mgodi peke yake, na kumwacha mwenye lori, mwenye ghala na mnunuzi wa magogo. Pili, mikataba hiyo huandikwa kwa Kifaransa cha mawakili, ikahifadhiwa ofisini, na mwanakijiji ambaye ahadi ni yake hawezi kuisoma wala kujua tarehe ilipopita.

Barabara mpya inaweza kuuziba upungufu wa kwanza kwa lango lake la ushuru. Kampuni ya barabara, kwa maslahi yake yenyewe, italihesabu kila gari na kuliandika. Basi na iandike pia shehena: magogo mangapi na kibali cha nani, magunia mangapi ya makala na kutoka msitu upi, matangi mangapi ya asidi na yanakwenda mgodi gani, na muhtasari wa hesabu hiyo utangazwe kila mwezi. Sehemu ya ushuru, itakayokatwa katika mapato kabla ya faida, iwekwe katika akaunti ya wazi kwa upandaji wa miti na kwa visima vya vijiji vya kandokando ya njia. Mpango wa kuikabili ajali ya asidi juu ya Luapula uandikwe, vifaa viletwe na watu wafundishwe kabla tangi la kwanza halijavuka daraja, kwa maana wavuvi wa Kasenga hawawezi kungoja tume ya uchunguzi ndipo wale. Mikataba yote ya ahadi, ya barabara na ya migodi, itafsiriwe kwa Kiswahili na Kibemba na kubandikwa hapo njiapandani, pamoja na tarehe za kutimizwa kwake.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, wala hayazidi elimu tuliyo nayo. Yahitaji amri, na amri ina wenyewe. Bunge la jimbo la Haut-Katanga linaweza kuifanya hesabu ya shehena kuwa sharti, na serikali za Kongo na Zambia, ambazo ndizo zilizotoa haki ya kutoza ushuru, zinaweza kuliweka sharti hilo katika mkataba wao na kampuni. Wakopeshaji nao wana nguvu zao: mradi wa Benki ya Dunia uliogharamia kufunguliwa upya kwa njia ya Kasomeno hadi Uvira ulisimamishiwa fedha za ujenzi mwaka 2017, kwa sababu ya malalamiko ya watu wa njia nyingine ya mradi huo huo, kati ya Bukavu na Goma, juu ya madhila waliyofanyiwa katika kazi. Malalamiko yale yalisikilizwa baada ya watu kuumia. Yetu yapelekwe sasa, wakati masharti ya malango yangali yanaweza kubadilishwa kwa kalamu. Na mfanyabiashara atakayesema kwamba sharti hili litamwondolea faida, aulizwe faida hiyo hasa ilikuwa inatoka kwa nani.